MEZA ILIYOTENGANISHA NDUGU



Jumapili baada ya ibada mama mmoja alinivuta kando. "Pastor, ule mkate ni mwili wa Yesu kweli, ama tunakumbuka tu? Mimi sinia ikifika napitisha. Naogopa kula hukumu."

Sikumjibu haraka. Swali hilo limewatoa jasho watu wakubwa kuliko mimi. Hata Yesu alipofundisha juu ya kula mwili wake, wanafunzi wengi walisema ni neno gumu, wakaenda zao (Yohana 6:60-66).

Oktoba 1529, Philip, mtawala wa Hesse kule Ujerumani, aliwaita wahubiri wa Matengenezo katika ngome yake ya Marburg. Alitaka wawe kitu kimoja, maana maadui walikuwa wengi. Martin Luther alitoka Wittenberg, Ulrich Zwingli akatoka Zürich. Wote wawili walihubiri kwamba tunahesabiwa haki kwa imani.

Luther alichukua chaki akaandika mezani, kwa Kilatini, maneno ya Bwana kuhusu mkate kuwa mwili wake. Kwake Bwana akisema "ni", basi ni. Zwingli akamjibu kwa Yohana 6:63: uzima hutoka kwa Roho. Yesu alisema pia yeye ni mlango na ni mzabibu, na hakuna aliyetafuta bawaba wala majani. Kwake hiyo "ni" maana yake "inaashiria".

Waliandika hoja 15. Walikubaliana 14 zote, na ile ya 15 karibu yote. Wakashindwa pale tu: je, mwili na damu ya Kristo vimo kwa kimwili katika mkate na divai? Zwingli, kwa machozi, aliomba waagane kama ndugu. Luther alikataa. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1531, Zwingli aliuawa vitani Kappel. Nafasi ya wao wawili kupatana ikaishia hapo. Makanisa mengi ya Ulaya yaliyotoka pande hizo mbili yalikuja kufunguliana meza mwaka 1973, kwa Mapatano ya Leuenberg. Hesabu mwenyewe: miaka 444!

Wapendwa, sisi Wapentekoste wengi tuko karibu na Zwingli. Lakini nakiri, wakati mwingine ukumbusho tumeufanya kitu chepesi. Tunagawa mkate dakika za mwisho, watu wakiangalia saa. Hapo tunamhitaji Luther. Alifundisha kwamba anayestahili meza ni yule anayeamini kwamba mwili ule ulitolewa kwa ajili yake. Hakusema anayestahili ni yule asiye na doa.

Sasa soma 1 Wakorintho 11 polepole. Kosa la Korintho lilikuwa nini? Wenye chakula walikula wakashiba, maskini wakabaki na njaa na aibu. Walidharau ndugu zao mezani pa Bwana. Na mstari wa 28 haukuambii ujihoji kisha upitishe sinia. Unakuambia ujihoji, *kisha ule*.

Nilimwambia yule mama: "Mama, hofu yako inaonyesha unaiheshimu meza. Lakini meza haikuwekwa kwa waliomaliza safari. Tubu, amini, kula." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna dada wa kanisa hawajasalimiana tangu mwaka jana. Nikamwambia, "Basi anza hapo. Mpigie simu leo."

Na wewe unayesoma hapa, je? Luther na Zwingli walibishana juu ya mwili wa Kristo ulioko katika mkate. Mwili wa Kristo ulioketi kiti cha pili kutoka kwako, mnasalimiana?

Jumapili ijayo tuna Meza ya Bwana. Una siku kadhaa za kupiga simu moja.

Baba, tupe imani ya kupokea na unyenyekevu wa kupatana. Katika jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe.
Pastor wenu