Wageni wa Vuli

Msomaji, ukifika Kitengela mwezi wa Novemba, mvua za vuli zinapolainisha ardhi, iache barabara kuu ya Namanga uende polepole kwa miguu nyikani. Juu ya kichuguu utamwona ndege mdogo mwenye rangi ya mchanga, akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka. Arukapo, huonyesha weupe juu ya mkia wake. Wataalamu humwita Oenanthe oenanthe. Uzito wake ni kama gramu 25 tu, na huenda ukampita bila kumjali, kama nilivyompita mimi miaka mingi.

Huyo si mwenyeji. Huja na vuli, akaondoka kabla masika hayajakwisha. Aenda wapi? Huko Ulaya watu walijiuliza swali hilo kinyume chake: ndege wetu hutoka wapi kila mwaka? Aristotle wa Uyunani alifundisha kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na kwa karne nyingi wasomi walimwamini.

Hata mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, korongo mmoja alipigwa risasi, akaonekana ana mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni. Mwindaji wa huku kwetu alikuwa amemchoma, naye ndege akavuka jangwa na bahari akiwa nao. Basi mtu ambaye jina lake halijulikani aliwasahihisha wasomi wa Ulaya, wala hakupata kujua kwamba amekuwa mwalimu!

Mwaka 1899 mwalimu hasa, Mortensen wa mji wa Viborg huko Denmark, alianza kuwavika kwezi pete za alumini zenye nambari. Kazi hiyo ikaenea. Mbayuwayu aliyevikwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Hapa Kenya, tangu mwaka 1969, maelfu kwa maelfu ya ndege wamevikwa pete Ngulia, Tsavo Magharibi, ambako usiku wa ukungu usio na mbalamwezi taa za hoteli huwavuta washuke.

Kisha mwaka 2012 ikatangazwa habari ya ndege wa aina ile uliyemwona kichuguuni. Wachache wao walifungwa mgongoni, huko Alaska, vyombo vyepesi kuliko gramu 2. Waliorudi navyo walionyesha kwamba walikuwa wamevuka Asia na Arabuni mpaka Afrika Mashariki, kiasi cha kilomita 14,500, nako ni kwenda tu.

Safari yote hiyo ni kwa ajili ya nyasi fupi zilizolishwa na mifugo, na wadudu waliomo. Lakini Kitengela mbuga imekatwa viwanja, na nyaya za ua zimesogea kuelekea Kajiado. Mahali nilipowapeleka wanafunzi wangu wa chuo mara ya kwanza, leo pana ukuta wa mawe. Mwaka jana tulimkuta mmoja juu ya ukuta huo, akiinama na kuinuka. Mwanafunzi mmoja akauliza kama atapajua mahali hapa akirudi. Kabla sijamjibu, ndege akaruka upande wa kusini.