Kifaru cha plastiki: Mpangilio wa kuunganisha na kupaka rangi

UUNDAJI wa vifaru vidogo vya plastiki ni kazi ya mikono inayopendwa na vijana kwa wazee katika nchi nyingi, hususan Japani, Marekani na mataifa ya Ulaya. Vipande huuzwa vikiwa katika boksi, na mnunuzi huviunganisha na kuvipaka rangi mwenyewe.

Mara nyingi kinachoharibu kazi hiyo si ugumu wa vipande, bali ni kukosea mpangilio. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, hivyo kipande kilichokauka mahali pasipo pake hakibanduki bila kuvunjika.

Kipimo kinachotumika zaidi ni 1 kwa 35. Kilipata umaarufu kupitia kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, iliyotoa kifaru cha Kijerumani aina ya Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kifaru hicho kiliendeshwa kwa mota, na ukubwa wake ulipangwa ili betri zienee ndani. Kwa kipimo hicho, Tiger I, yenye urefu wa mita 8.45 pamoja na mzinga, huwa na sentimita 24 hivi.

Kazi huanza kwa kuosha fremu za vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ili kuondoa mafuta ya kiwandani yanayozuia rangi kushika. Kipande hukatwa pale tu kinapohitajika, kwa kuwa namba yake imeandikwa kwenye fremu. Mabaki ya plastiki husawazishwa kwa kisu na msasa laini.

Sehemu ya chini ya bodi hutangulia, pamoja na mikono ya kubebea magurudumu. Mikono hiyo isipokuwa katika usawa mmoja, baadhi ya magurudumu yatabaki yakining'inia. Hufuata sehemu ya juu, kisha mnara wa mzinga, ambao huachwa bila gundi ili uweze kuondolewa. Magurudumu, minyororo na zana za nje, kama vile sepetu na shoka, huwekwa kando, kwani zikishafungwa brashi haifiki nyuma yake.

Rangi ya kwanza ni andakoti, inayopakwa nyembamba ili isizibe alama ndogo. Hufuatiwa na rangi kuu, halafu mabaka ya kujificha. Aghalabu rangi hizo ni za akriliki.

Zikikauka, hupakwa vanishi inayong'aa. Stika zikibandikwa juu ya rangi isiyong'aa, ambayo uso wake hukwaruza, hunasa hewa na kuonyesha ukungu mweupe. Tabaka jingine la vanishi huzifunika.

Ndipo kifaru huchakazwa. Rangi ya mafuta ya kahawia au nyeusi, iliyozimuliwa kwa thina yake, huingizwa kwenye mifereji na kuzunguka vichwa vya misumari. Thina hiyo nyepesi haidhuru akriliki iliyokauka chini ya vanishi. Thina kali ya rangi za magari, kwa upande mwingine, inaweza kuyeyusha tabaka zote hadi kwenye plastiki yenyewe.

Baadaye hufungwa zana, magurudumu na minyororo iliyopakwa rangi pembeni, kisha hupulizwa vanishi isiyong'aa. Vumbi na tope huja mwisho, ili bodi na minyororo vionekane vimepita njia moja.

Gundi na thina hutoa mvuke unaodhuru na kushika moto upesi. Kazi hiyo ifanyike madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko, na anayepuliza rangi avae barakoa inayochuja mvuke huo.

Kabla ya kukata kipande cha kwanza, inashauriwa kusoma karatasi yote ya maelekezo na kuwekea alama vipande vitakavyosubiri rangi.