Swali Unaloweza Kulisomea

Kila Jumamosi saa nane mchana, katika chumba cha chini cha kanisa letu hapa Louisville, Kentucky, tunapanga viti vya plastiki, tunafuta ubao, kisha akina mama wanaanza kuimba Katiba. Wanaimba kweli. Mama mmoja wa mji wa Baraka, Kongo, mwenye miaka 61, aligundua kwamba jibu likishaingia kwenye mdundo wa kwaya halimtoki tena kichwani. Basi mmoja anatoa swali na wengine wanaitikia. Sheria kuu ya nchi ni ipi? Ze Konstityusheni! Bendera ina mistari kumi na mitatu kwa nini? Kwa sababu makoloni yalikuwa kumi na matatu!

Mimi nilifika mwaka 2012 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, baada ya miaka kumi na sita kambini, nikaapa kuwa raia wa Marekani mwaka 2018. Siku ya intavyuu afisa alikuja kuniita, tukatembea pamoja koridoni, akaniuliza kama nilipata mahali pa kuegesha gari. Nikajibu tu kama anavyojibu mgeni mwenye adabu. Sikujua kwamba mtihani umeshaanza, maana Kiingereza chako kinapimwa tangu salamu. Mezani alipitia fomu ya kuomba uraia, N-400, swali kwa swali, akanisomesha sentensi, akaniandikisha nyingine, ndipo akaingia kwenye historia na serikali. Wakati ule maswali yalikuwa 100. Unaulizwa hadi kumi, na ukipata sita umefaulu. Nilipata sita mfululizo, akaacha kuuliza. Miezi minane ya kukesha na karatasi zile, na kazi yenyewe ikaisha kabla kiti hakijapata joto.

Wazee hawana raha hiyo. Aliyefikisha miaka 55 anaruhusiwa kufanya mtihani kwa lugha yake, lakini ni lazima awe amekaa na kadi ya ukaazi miaka 15. Mama wa Baraka aliletwa akiwa na nywele nyeupe tayari, hiyo miaka 15 ataipata wapi? Tena saa inamkimbiza. Sheria za 1996 na 1997 zilimwekea mkimbizi mzee ambaye hajawa raia ukomo wa miaka saba kwenye msaada wa fedha uitwao SSI. Watu wakimwona bibi anasoma habari za Benjamin Franklin jikoni usiku, wajue kwamba ndani ya kitabu kile imo pia kodi ya nyumba.

Niliamua kusoma mtihani huu ulitoka wapi, kwa sababu wanafunzi waliniuliza nikakosa jibu. Nilichokikuta kilinifanya niuheshimu kuliko nilivyotegemea.

Sheria ya kwanza ya uraia ya Marekani, ya mwaka 1790, haikuwa na mtihani wowote. Ilitaka ukaazi wa miaka miwili, tabia njema, kiapo mbele ya mahakama, na jambo moja zaidi: uwe mtu huru mweupe. Mwaka 1795 ukaazi ukapandishwa hadi miaka mitano, na mitano ndiyo tunayohesabu hadi leo. Kila hakimu alikuwa na njia yake. Mmoja alimhoji mtu hadi jasho, mwingine hakumuuliza kitu. Mjini New York, kabla ya uchaguzi wa 1868, wanasiasa wa kundi la Tammany Hall walipitisha wageni mahakamani maelfu kwa maelfu ili wakapige kura. Sheria ya 1906 ilikuja kuleta fomu za aina moja na sharti la kuzungumza Kiingereza. Kusoma na kuandika, pamoja na kuijua historia na muundo wa serikali, kuliwekwa kwenye sheria mwaka 1950.

Sisi Waafrika mlango wetu ulifunguliwa mwaka 1870. Seneta Charles Sumner alitaka neno "mweupe" lifutwe kabisa. Wenzake walikataa, hasa kwa kuwahofia Wachina, wakaongeza tu watu wa asili ya Afrika. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 80 sheria ilimuuliza mtu swali ambalo hakuna kitabu cha kulisomea. Takao Ozawa, Mjapani, alisoma Chuo Kikuu cha California na nyumbani kwake walizungumza Kiingereza. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ilimkatalia. Mwaka uliofuata ikamkatalia Bhagat Singh Thind, Mhindi aliyevaa sare ya jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mngewaita wawili hawa darasani kwetu, wangetufundisha sote. Kizuizi cha rangi kiliondolewa mwaka 1952.

Na upo mtihani mwingine ambao huwa siachi kuueleza. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi liliandika katiba iliyomtaka mpiga kura asome kifungu chake au akieleze akisomewa. Aliyeamua kama umeeleza vizuri alikuwa karani wa kuandikisha wapiga kura, na karani alikuwa Mzungu. Weusi waliozaliwa hapa, ambao mababu zao walilima ardhi hii bila ujira, walishindwa mtihani ule kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ulitungwa ili washindwe. Sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ndiyo iliyouvunja nguvu. Tukifika kwenye swali la Martin Luther King Jr. alifanya nini, jibu linalokubaliwa ni fupi: alipigania haki za raia. Mimi siliachi jibu lile lipite hivi hivi. Nawaambia wasimame kidogo hapo.

Vitabu vya kumfundisha mgeni vilianza kusambazwa na serikali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kupitia shule za umma za jioni. Viwanda navyo vilikuwa na madarasa yao. Henry Ford alifungua shule ya Kiingereza kwa wafanyakazi wake huko Highland Park, Michigan, mwaka 1914. Siku ya mahafali waliweka chungu kikubwa jukwaani. Wahitimu waliingia ndani yake wamevaa nguo za kwao, wakatoka upande wa pili wamevaa suti na wameshika bendera ndogo. Chungu kile sikipendi hata kidogo. Mama wa Baraka ameshashona kitenge cha kuapia, cha buluu na manjano, na nitampeleka nacho mahakamani.

Sasa maswali yameongezeka. Waliopeleka maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanasomea 128, wanaulizwa hadi 20, na wanatakiwa kupata 12. Kwa mzee anayejifunza herufi ukubwani huo ni mzigo mzito, na naona haukustahili kuongezwa. Lakini maswali yote bado yanatangazwa pamoja na majibu yake.

Darasani yupo mzee mmoja Munyamulenge, wa kule milimani juu ya Uvira, aliyepitia Burundi. Mimi ni Mbembe wa Fizi. Wanaotujua watu wa Kivu wataelewa uzito wa sisi wawili kukaa meza moja. Sheria ya 1972 ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi, kama mzee huyu, waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta, ikadai ukoo wa mtu uwe ulikuwa ndani ya mipaka ya Kongo tangu tarehe 1 Agosti 1885. Jumamosi moja mzee aliniambia, "Mwalimu, nikiwa kijana mlikuwa mnaniuliza babu wa babu yangu alilala wapi mwaka 1885. Hawa wananiuliza mistari ya bendera. Ya bendera naweza kwenda nyumbani nikasoma."

Nilishindwa kumjibu. Swali lile la 1885 nami niliwahi kuwauliza watu kama yeye, barabarani, nikiwa na vijana wenzangu, na hatukuwa tukitafuta jibu.

Wiki iliyopita tulijaza N-400 yake. Tukafika kwenye kisanduku kinachouliza nchi ya uraia wako. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Akanitazama.

"Hapa tunaandika nini?"

"Kongo, mzee."

Akaomba kalamu aandike mwenyewe. Ilimchukua muda, maana mkono wake unatetemeka, na jina kamili la nchi yetu kwa Kiingereza ni refu.