Kutoka Tezi ya Kondoo hadi Kidonge cha Asubuhi

Mwaka 1891, mjini Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimdunga mama mmoja wa miaka 46 dawa iliyotengenezwa kwa tezi ya thairoidi ya kondoo. Tezi ya mama huyo haikufanya kazi vya kutosha, naye alikuwa amevimba uso, mzito wa mwili na wa maneno. Alipata nafuu, akaishi hadi 1919. Dawa yake ya miaka yote hiyo ilitokana na kondoo zaidi ya 870!

Mwaka uliofuata Edward Fox wa Plymouth alionyesha kwamba sindano si lazima. Mgonjwa wake alikula tezi iliyokaangwa kidogo, pamoja na jeli ya matunda.

Baadaye tezi zilikaushwa zikawa vidonge, ila nguvu yake haikuwa sawa kila mara. Leo levothairoksini, homoni ya thairoidi inayotengenezwa maabara, ina kipimo cha uhakika. Kazi ngumu ni kuimeza kila siku, na hapo mfamasia anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Ndiye anayegundua kwamba mgonjwa amechelewa kurudi, au kwamba ananunua pia vidonge vya madini ya chuma. Humwelekeza ameze dawa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Chuma na kalsiamu visubiri muda wa saa nne baada ya dawa.