Sayyida Salme

Sayyida Salme binti Said (30 Agosti 1844 – 29 Februari 1924), aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, alikuwa binti mfalme wa Unguja na Oman. Alizaliwa katika kasri la Mtoni. Baba yake ni Sultani Sayyid Said, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi.

Kuandika hakukuwa jambo la wasichana wa kasri. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, na ujuzi huo ndio uliomponza: mwaka 1859, akiwa na miaka 15 tu, alifanywa karani wa njama ya kaka yake Barghash dhidi ya ndugu yao, Sultani Majid. Njama ilishindwa.

Mwaka 1866, akiwa na mimba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa siku hiyohiyo, mwaka 1867, kisha wakahamia Hamburg. Mume alifariki 1870 kwa ajali ya tramu, akimwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi.

Mwaka 1885 alirudi Unguja na manowari za Bismarck, kansela wa Ujerumani, kudai urithi. Barghash, sasa sultani, alikataa hata kumwona. Kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinasomeka vizuri zaidi zinapoeleza maisha ya Mtoni kuliko zinapotetea utumwa. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf.