Wimbo wa jadi ni wa babu yupi?

Majuzi nilipanda matatu kutoka Meru kwenda Embu. Tulipoipita Nkubu, dereva, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizoanza kuingia mvi, alizima redio akachomeka flashi yake. Likaanza gitaa la “The House of the Rising Sun”, lile toleo la mwaka 1964 la bendi ya The Animals kutoka Newcastle, Uingereza. Kijana aliyeketi mbele akauliza, “Mzee, huu wimbo ni wa nani?” Dereva akamjibu bila kugeuka, “Ni wa Animals. Kijana, wewe muziki huujui.”

Nilinyamaza. Mwalimu wa Kiswahili akianza kueleza jambo ndani ya matatu, gari litafika stendi kabla hajamaliza utangulizi. Lakini jibu la dereva halikuwa sahihi, na kosa lake ndilo kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya kwa miaka mingi, tena kwa kalamu.

Wimbo ule haukutungwa na The Animals. Mwaka 1937 mkusanyaji nyimbo wa Marekani, Alan Lomax, alifika Middlesboro, Kentucky, na mashine yake ya kurekodi. Aliyemwimbia ni Georgia Turner, binti wa miaka 16 kutoka familia ya mchimba makaa. Georgia naye hakuutunga. Clarence Ashley na Gwen Foster walikuwa wameshaurekodi mwaka 1933. Ila sauti iliyosafiri kupitia kitabu cha Lomax hadi kwa waimbaji wakubwa ni ya binti yule. The Animals walipoutoa, kwenye lebo ya sahani kuliandikwa kwamba ni wimbo wa jadi uliopangwa na Alan Price, mpiga kinanda wao. Inasemekana nafasi haikutosha majina ya watu watano. Basi mirabaha ikawa ya Price peke yake, wenzake wakabaki na manung’uniko hadi leo. Georgia Turner aliambulia malipo haba. Neno moja tu, “jadi”, lilitosha kumfuta.

Sasa hilo neno lenyewe. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako *jadd* ni babu. Kwa hiyo mtu akisema “wimbo wa jadi” anasema, kwa asili ya neno, wimbo wa babu. Babu ni mtu. Ana jina, ana boma, ana watoto waliomzika. Lakini sisi walimu tumelizoeza neno hili liwe na maana ya kitu kisicho na mtu. Mtahiniwa wa fasihi simulizi akiulizwa sifa za nyimbo, mojawapo anayoikariri ni kwamba hazina mtunzi maalumu, ni mali ya jamii. Anapata alama. Mimi nimezitoa alama hizo, na sikujiuliza.

Ajabu ni kwamba lugha yenyewe inatukanusha. Kiswahili kina manju, yule fundi wa kutunga na kuongoza nyimbo ngomani. Kina malenga. Kina sogora, bingwa wa kupiga ngoma. Lugha isingejisumbua kuunda majina haya yote kama nyimbo zingekuwa zinaota zenyewe kama uyoga.

Wapo watakaosema hiyo ni pwani, bara mambo ni mengine. Haya, twendeni Chuka. Nani nchini hajawaona wapiga ngoma wa Chuka? Ngoma ndefu, nyembamba, imebanwa katikati ya mapaja ikiinamia mbele. Mpigaji anacheza nayo, anapinda mgongo, anayumba, na mkono haukosi pigo. Kiongozi ana filimbi. Akiipuliza mdundo unabadilika ghafla, na kundi zima linageuka kama ndege wa mtama. Tumewatazama kwenye sherehe za kitaifa, na kwa wengi wa rika langu walikuwa sehemu ya siku hizo sawasawa na gwaride. Mtangazaji husemaje? “Na sasa, Chuka!” Basi. Ni kama kusema “Na sasa, Liverpool!” halafu Beatles wakapanda jukwaani. Pale Chuka kwenyewe mambo hayako hivyo. Ukiuliza wazee, watakuambia nani alikuwa sogora wa kundi lipi, nani alichonga ngoma zao, na nani aligombana na nani juu ya filimbi. Jina la mtu hupotea gari linapovuka mto Thuci kuelekea Nairobi.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo jina lilipotea kwa kusudi, na hapa historia inanilazimu nisiwe mwepesi wa kulaumu.

Mwishoni mwa mwaka 1929 wimbo mmoja wa kuchezwa ulizuka katika nchi ya Wakikuyu na kusambaa hadi Embu na Meru. Uliitwa Muthirigu. Chanzo kilikuwa mgogoro wa tohara ya wasichana. Mwaka huo misheni, Kanisa la Scotland likiwa mbele, ziliwataka waumini waikane desturi hiyo waziwazi au watoke kanisani. Waliotia kidole gumba waliitwa *kirore*, jina linalotokana na alama ya kidole. Huko Chogoria, ambako Dkt. Archibald Irvine alikuwa ameanzisha kituo mwaka 1922, waumini waliondoka kwa wingi mno, madarasa yakabaki matupu. Muthirigu ukaimbwa njiani, sokoni, nje ya kanisa. Uliwataja wamishenari kwa majina, uliwasuta machifu, uliwakejeli waliotia kidole. Kila kijiji kiliongeza beti zake kulingana na chifu wake. Januari 1930 serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku, na kuuimba kukawa kosa la kumfikisha mtu kizuizini.

Nani aliutunga? Hakuna aliyejitokeza, na angekuwa mwendawazimu kujitokeza. Ukosefu wa jina ulikuwa ngao. Askari hawezi kumkamata “jamii”.

Hapa naomba niseme mambo mawili. Kwanza, kuustahi ufundi wa wimbo si kuikubali kila hoja yake. Desturi iliyotetewa na Muthirigu imeharamishwa na sheria ya nchi tangu 2011, na mimi sina machozi nayo. Lakini wimbo uliotikisa misheni na serikali kwa miezi michache, bila redio, bila karatasi, unastahili kuchunguzwa kama kazi ya watu wenye akili na sikio. Pili, jina lake lina safari ndefu. Wapo wanaolihusisha na mselego, ngoma ya Waswahili wa pwani, iliyopandishwa bara na vijana waliokwenda kutafuta kazi. Kifonolojia hoja hii haina matata. Gikuyu huchukua *s* ya Kiswahili ikaifanya *th*: soko ni *thoko*, sabuni ni *thabuni*. *L* huwa *r*. Kwa hiyo mselego kuwa *muthirigu* ni mwendo wa kawaida kabisa wa neno linalopanda mlima. Ikiwa ndivyo, basi wimbo uliochukuliwa kuwa sauti halisi ya mila ya Mlima Kenya ulivaa viatu vya Mombasa. Kuna manju wa pwani ambaye mdundo wake ulifika Chogoria, na hata hakujua.

Nikiwaza haya humkumbuka H. E. Lambert. Wasomi wa Kiswahili wanamjua kama mtafiti wa lahaja, Chi-Chifundi na Ki-Vumba miongoni mwazo, na mwenye *Diwani ya Lambert*. Wasichokumbuka wengi ni kwamba katika miaka ya 1930 alikuwa mkuu wa wilaya ya Meru, tena mmoja wa maafisa waliochangia Njuri Ncheke kutambuliwa na serikali. Baadaye alichapisha nyimbo za beni na za pwani ya kaskazini, akieleza ziliimbwa kwa sababu gani. Mtu huyu alikuwa na sikio, alikuwa na kalamu, na aliishi Meru miaka michache tu baada ya Muthirigu. Huko alijishughulisha na mabaraza na umiliki wa ardhi. Simlaumu sana, nani angemwimbia mkuu wa wilaya wimbo uliopigwa marufuku na serikali yake? Ila hasara ni yetu.

Na sasa nifike kwenye kalamu yangu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisaidia kwaya ya shule moja ya huku kujiandaa kwa Tamasha za Muziki, mashindano yaliyoanza tangu 1927. Fomu ya kushiriki ina mstari wa mtunzi. Tulikuwa na wimbo mmoja wa Igoji, mtamu ajabu, ambao tulikuwa tumefundishwa na mpishi wa shule. Mara tatu, katika miaka mitatu tofauti, niliandika kwenye mstari ule neno moja: “Jadi”. Mara ya tatu tulifika mbali. Tuliporudi, mama mmoja wa umri wa kunipita alinisubiri langoni. Alinisalimu kwa heshima, akasema, “Mwalimu, mmeimba vizuri. Lakini ule wimbo ni wa baba yangu.”

Nikadhani ni yale yale ya kila ukoo kudai kila kitu. Kumbe alikuwa na kaseti. Baba yake aliuimba kwenye harusi ya kaka yake, akarekodiwa, na kabla ya kuanza anasikika akieleza kwa nini aliutunga na ng’ombe gani alikufa mwaka ule. Mzee alifariki katika miaka ya 1980.

Fanyeni hesabu. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda utungo wa muziki, ukiwa umeandikwa au kurekodiwa, hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Wimbo niliouita wa jadi utakuwa na mwenyewe kisheria hadi miaka ya 2030. Hata zile nyimbo ambazo kweli hakuna awezaye kumtaja mtunzi wake haziko hivihivi: Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inataka jamii zilipwe kwa matumizi ya utamaduni wao, na sheria ya maarifa ya jadi ya 2016 inaitambua jamii na hata mtu mmoja ndani yake aliyekabidhiwa hifadhi kwa desturi. Tatizo si sheria. Tatizo ni mtu kama mimi, aliyepewa mstari mtupu akaujaza kwa haraka.

Tunaweza tukitaka. Wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na jina la mzee Meza Moroa Galana halikupotea.

Jina la mzee wa Igoji ninalo daftarini. Silitaji hapa kwa kuwa familia bado inajadiliana, wana ni wengi na kila mmoja ana neno lake. Nimeambiwa nisubiri, nami nasubiri. Ila mama yule ameturuhusu tuuimbe, kwa sharti moja. Fomu za mwaka huu zimeshajazwa. Kwenye mstari wa mtunzi kuna majina mawili, la mzee kwanza, halafu la mwalimu wa kwaya aliyezipanga sauti. Nafasi ilitosha.