Kesi Iliyokosa Shahidi

Katika karne ya kumi na nane mtu aliyeibiwa mjini London hakuwa na kituo cha polisi cha kukimbilia. Jeshi la polisi la mji huo liliundwa mwaka 1829. Kabla ya hapo, mzigo wa kumshitaki mwizi ulimwangukia yule yule aliyeibiwa. Ndiye aliyegharimia hati ya mashitaka, na ndiye aliyesimama mbele ya juri kueleza yaliyompata.

Hakimu aliyepokea lalamiko aliwafunga mlalamikaji na mashahidi kwa hati ya ahadi: wafike siku ya kesi, la sivyo walipe fedha zilizotajwa. Hata hivyo wengi hawakufika. Jina liliitwa, hakuna aliyeitika, na mshitakiwa akaachiliwa.

Sababu zilikuwa nyingi. Mikoani, majaji wakuu kwa kawaida walipita mara mbili tu kwa mwaka, na kibarua aliyesafiri kwenda kutoa ushahidi alipoteza ujira wake. Wengine waliogopa kisasi. Wengine walikwisha kurudishiwa mali yao kwa siri, wakaona yamekwisha. Na wengine walishikwa na huruma, kwa kuwa sheria ya mwaka 1713 ilimhukumu kifo mtu aliyeiba nyumbani mali ya shilingi 40. Nani angependa kumtia jirani yake kitanzi kwa ajili ya vijiko vya fedha? Henry Fielding, hakimu wa Bow Street na mwandishi mashuhuri, aliyalalamikia mambo hayo mwaka 1751.

Bunge la Uingereza lilijaribu kuondoa kikwazo cha gharama. Mwaka 1752 mlalamikaji maskini aliruhusiwa kurudishiwa gharama zake iwapo mshitakiwa alipatikana na hatia. Mwaka 1754 mashahidi maskini nao wakafikiriwa. Mwaka 1778 malipo hayo yakaacha kutegemea kupatikana kwa hatia.

Lakini fedha ilikuwa na hatari yake. Serikali ilitoa zawadi ya paundi 40 kwa kutiwa hatiani mnyang'anyi wa barabarani. Mwaka 1754, Joseph Cox, konstebo mkuu wa Blackheath, alilifichua genge la Stephen Macdaniel. Watu hao waliwashawishi vijana watende unyang'anyi, kisha wakawashuhudia mahakamani ili wagawane zawadi. Mahali ambapo shahidi wa kweli alishindwa nauli, shahidi wa uongo alifika mapema.

Ndugu askari, ukweli wa historia hiyo haujachakaa. Pingu humfikisha mshitakiwa kizimbani. Neno la shahidi ndilo linalothibitisha kosa lake. Raia aliyeona huja mahakamani akijua kwamba atalindwa njiani, hatatwishwa gharama asizoziweza, na hukumu italingana na kosa. Akikosa hayo, atanyamaza. Na shahidi akinyamaza, jasho la askari aliyekesha akimsaka mwizi huwa limemwagika bure.